Kiti cha Kivuli cha Sajini

Kila Alhamisi saa tisa alasiri, wanajeshi wastaafu kumi na mmoja wa Kharumwa walikusanyika kwenye baraza la nyuma la kituo cha afya. Walivua viatu, wakavipanga kwa mstari ulionyooka, visigino vikigusa ukuta, kisha wakalala chali kwenye mikeka kwa kufuata vyeo. Hakuna aliyewaambia wafuate vyeo. Sajini Stanslaus Mayala alilala wa kwanza, karibu na mlango, makoplo wakafuatia, na mwisho kabisa, kando ya ndoo ya kupigia deki, alilala askari mmoja ambaye tangu ajiunge mpaka astaafu hakuwahi kupanda cheo na hakuona ubaya wowote katika hilo.

Wote waliumwa kiuno. Kuna aliyekitegua akishuka kwenye lori lililokuwa bado linatembea, na kuna aliyebeba masanduku ya risasi mpaka mgongo ukasema basi. Stanslaus hakukumbuka alikoyapatia maumivu yake. Alijua tu kwamba mwaka wa kustaafu alipewa cheti, saa ya ukutani na maumivu hayo, na saa ndiyo iliyokufa kwanza.

Kwa miaka mingi aliyatuliza kwa vidonge. Mwezi wa tatu daktari alisoma majibu ya maabara, akaitazama karatasi ya vidonge iliyokuwa ikichungulia kwenye mfuko wa koti la mgonjwa wake, akanyoosha mkono.

"Lete hapa, mzee. Figo zako zimeomba likizo. Ukiendelea na hivi, zitaomba kustaafu."

Stanslaus alivitoa. Daktari akamwandikia karatasi ya kwenda kwa Noela, baraza la nyuma.

Noela alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa miaka ishirini na minane, mpole wa sauti na mkali wa macho. Hakuwa na kabati la dawa. Alikuwa na mikeka, daftari, na imani kwamba kiuno kinachouma kinataka kutembezwa, kupumzishwa na kutembezwa tena. Shida yake ilikuwa moja. Kila aliposema, "Sasa legezeni migongo, baba zangu," wanaume kumi na mmoja walitanua miguu, wakaficha mikono nyuma ya kiuno na kutoa vifua mbele, yote hayo wakiwa wamelala. Hiyo ndiyo namna pekee ya kupumzika waliyofundishwa jeshini.

Noela alichuchumaa kando ya Stanslaus, akaingiza kiganja chini ya kiuno chake. Kilikuwa kigumu kama ubao wa dawati.

"Baba Rebeka, kazini huwa unakaa mara ngapi?"

"Kukaa?"

"Ndiyo. Kukaa."

"Sikai."

"Siku nzima?"

"Kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni."

"Kwa nini?"

"Amri," alisema Stanslaus, na kwake swali lilikuwa limekwisha.

Siku zote isipokuwa Alhamisi na Jumapili, alikuwa mlinzi wa getini kwenye uwanja wa makarasha nje ya mji, mahali ambapo mawe ya wachimbaji wadogo husagwa kuwa vumbi ili dhahabu itoke. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilipenda sana wanajeshi wastaafu, kwa kuwa walijua kusimama. Kipengele cha saba cha mkataba kilisema: Mlinzi hakai. Mwenzake mmoja alifukuzwa kwa kuegemea nguzo ya geti. Mwingine alidai kwamba alikuwa amechuchumaa tu kufunga kamba ya kiatu, na huyo naye alikwenda kufunga kamba hiyo nyumbani.

Stanslaus hakuweza kuondoka kazini. Rebeka, binti yake wa mwisho, alibakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na mwaka huo ulisimama juu ya miguu ya baba yake. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: vidonge amekatazwa, kukaa amekatazwa, na kiuno hakikuwa tayari kuendelea bila kimojawapo. Aliogopa. Hakumwambia mtu, lakini aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa akiwa na bunduki mkononi.

Noela aliandika jibu hilo kwenye daftari. Kisha akatazama ile mistari, ya viatu na ya watu.

"Inuka, baba," alisema. "Mimi hawanisikii. Waamrishe wewe."

"Niwaamrishe nini?"

"Watu waache kama walivyo. Amrisha migongo."

Stanslaus alisimama, akavaa viatu kwanza maana hakuwahi kutoa amri akiwa pekupeku, akajaza kifua hewa. "Migongo!" alinguruma. "Legeza!"

Migongo kumi ilishuka kwenye mikeka kwa mpigo mmoja, kwa kishindo kama cha gunia la karanga linaposhushwa. Muuguzi alitoka wodini kuangalia kilichoanguka. Yule askari wa mwisho alikuwa ameshaanza kukoroma.

"Basi ndiyo hivyo," alisema Noela, akiandika. "Na lindoni fanya vilevile, ila kimoyomoyo. Vuta pumzi, itoe polepole, halafu amri moja. Mwili ukinyimwa ruhusa ya kukaa, labda kuna sehemu yako nyingine yenye ruhusa."

Alisema hivyo kama mtu anayeshauri kunywa maji kwa wingi, na Stanslaus akaitikia hivyohivyo.

Jumanne iliyofuata, saa mbili na robo asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya lundo la mawe, kiuno kilianza kumuuma. Stanslaus alivuta pumzi. Akaitoa polepole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, midomo ikiwa imefungwa nusu: "Kaa."

Yeye mwenyewe hakuweza kutii, kwa sababu alikuwa chini ya amri nyingine, na amri hiyo ilikuwa na sahihi yake. Kivuli chake hakikuwa kimesaini mahali popote. Kilikunja magoti, kikajishusha kwa uangalifu wa mtu mwenye kiuno kibovu, kikakaa mavumbini upande wa magharibi wa geti na kunyoosha miguu.

Stanslaus aliendelea kusimama wima, rungu mkononi. Lakini mgongoni alisikia kitu kikiachia, fundo moja baada ya jingine, kuanzia kiunoni mpaka chini ya mabega. Alijikuta anataka kucheka. Alijizuia, maana hakujua mkataba unasemaje kuhusu kucheka.

Nyamizi, mama muuza maandazi, alikuja na beseni lake kichwani, akasimama.

"Shikamoo Baba Rebeka."

"Marahaba, mama. Mwangaluka."

"Mwangaluka. Kivuli chako kimenyoosha miguu njiani."

"Pita tu, mama."

"Nimruke mtu mzima?" alisema Nyamizi, akazunguka kwa nyuma.

Wanaapolo, wale wachimbaji wadogo, waliokuwa wakileta mawe kwa pikipiki nao walizunguka. Mmoja alilalamika kwamba njia imekuwa nyembamba, akaambiwa na wenzake aache utovu wa adabu, mzee amepumzika. Kufikia mwisho wa juma, matairi yalikuwa yamechora njia mpya iliyojikunja kidogo pale getini, na hakuna aliyeiona kuwa ni ajabu kuliko njia nyingine za pale.

Noela aliandika kwenye daftari lake: Kivuli kinakaa. Maumivu yameshuka kutoka nane mpaka tatu kati ya kumi. Chini yake akapiga mstari na kuongeza: Aendelee na mazoezi. Hakutaka mgonjwa abweteke. Kivuli kikae kila baada ya nusu saa, alisema, lakini mwenye kivuli atembee asubuhi kabla ya kazi, alale kwa ubavu na mto katikati ya magoti, na akiokota kitu akunje magoti, asikunje kiuno. Aliwapeleka na wale kumi uani, juani, kujifunza. Kivuli cha koplo mmoja kilikaa kwa amri ya kwanza. Cha mwingine kilitaka kwanza kijue nani mkubwa pale. Kivuli cha askari asiyewahi kupanda cheo kilipita vingine vyote, kikaenda kukaa mbele, na makoplo wakakiacha.

Nyumbani mambo yalibadilika. Kwa miaka minne Paskazia, mkewe, ndiye aliyemfunga Stanslaus kamba za viatu kila alfajiri, amepiga magoti sakafuni na taa ya sola kando. Asubuhi moja alipiga magoti kama kawaida akakuta kamba zimeshafungwa. Alibaki ameikunjua mikono hewani.

"Nani kakufunga?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwani nina mke mwingine?"

Paskazia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia kidogo, akamwambia asimtazame, akaenda kuchemsha uji.

Siku moja ya Jumapili kikundi cha kulima kwa ngoma kilikuwa shambani kwa jirani, wanaume wamejipanga, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo. Ujanani, kabla ya jeshi, Stanslaus alikuwa mrusha jembe wao: alilirusha juu likizunguka, akageuka, akalidaka mpini bila kupoteza pigo. Alikuwa amekwenda kutazama tu. Ngoma ilipokolea, mtu alimpa jembe. Akakunja magoti, akalirusha. Jembe lilizunguka mara mbili na kurudi mkononi mwake. Paskazia alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakageuza vichwa. Stanslaus hakulirusha tena, kwani alijua jambo zuri linafaa liachwe lilipo, lakini alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Siku za mawingu ndizo zilizomshinda. Wakulima wote wa wilaya ya Nyang'hwale walipokuwa wakiomba mvua, wastaafu kumi na mmoja walikaa kimya kanisani, dhamiri zikiwasuta. Na hata kwenye jua kali, saa sita mchana kivuli kilijikusanya chini ya nyayo na kupotea, na kwa kama nusu saa hapakuwa na wa kukaa. Hapo Stanslaus alikuwa akipanda juu ya vidole na kushuka juu ya visigino, mara ishirini, kama alivyofundishwa, mpaka kivuli kirudi upande wa pili.

Jumatano moja saa nne asubuhi alikuja msimamizi wa malindo. Jina lake Marcel. Zamani sana Marcel alikuwa kuruta mwembamba asiyejua kutofautisha kushoto na kulia, na aliyemfundisha ni Sajini Stanslaus, kwa kumfunga kitambaa kwenye mguu mmoja. Sasa Marcel alikuwa na pikipiki ya kampuni, kofia na daftari la makosa. Alizima pikipiki, akashuka akishika kiuno, akabana miguu na kupiga saluti.

"Jambo afande!"

"Jambo, Marcel."

Marcel alitazama chini. Akageuza kichwa, akatazama kwa upande wa pili.

"Afande, naomba radhi. Hiki ni nini?"

"Kivuli changu."

"Kimekaa."

"Ndiyo."

"Lindoni."

"Ndiyo, Marcel."

"Naomba ukisimamishe, afande. Ninakuomba."

"Mguu sawa!" alisema Stanslaus. Kivuli kiliruka kikasimama, na maumivu yakarudi papo hapo, kama mtu aliyekuwa anasubiri nje ya mlango. Jasho lilimtoka Stanslaus kwenye paji la uso. Marcel aliliona jasho hilo, na ilimuuma, kwa maana alimpenda yule mzee kuliko alivyopenda pikipiki.

"Kikalishe tu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akatoa kalamu. "Lakini mimi naandika ninachokiona, afande. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Andika. Na usikosee tarehe."

Aliandika, akapiga saluti, akaondoka. Stanslaus hakulala vizuri siku tano. Kila alipofumba macho alimwona Rebeka akirudi kutoka chuoni na begi lake, na mwaka mmoja ambao haukumalizika.

Jumatatu aliitwa ofisi ya kampuni, Geita mjini. Alivaa kombati safi na kufika saa moja kabla. Mkuu wa kampuni alikuwepo, ofisa utumishi alikuwepo, na Marcel alisimama karibu na dirisha. Walimkaribisha kwa heshima na kumwagizia soda. Viti vilikuwa vitatu, na wenye kukaa walikuwa wawili. Stanslaus alikunywa soda yake akiwa amesimama, na jua la dirishani likakilaza kivuli chake sakafuni, kikiwa kimekaa vizuri, miguu imekunjwa kwa adabu.

"Kilianza lini?" aliuliza mkuu.

"Mwezi wa tano, mkuu."

"Kina mkataba?"

Ofisa utumishi alifungua faili. "Hakina."

"Sare?"

"Hakijawahi kupewa."

"Kimewahi kwenda likizo?"

Hapo ofisa utumishi aliinua macho. Alieleza kwamba kama kivuli ni mwajiriwa, kitakuwa kimefanya kazi miaka sita, sawa na mwenyewe, bila likizo, bila buti na bila koti la mvua, na vivuli vya walinzi wengine mia mbili vitauliza. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika.

"Si mwajiriwa," alisema.

"Kama si mwajiriwa, kipengele cha saba hakikihusu."

"Hakikihusu."

"Kwa hiyo kinaweza kukaa."

"Kinaweza." Mkuu alikisogelea kivuli, akakichungulia. "Ila si mavumbini. Wageni wanapita pale. Mtu mzima kukaa chini mbele ya geti letu, hapana, ni aibu. Kipewe kiti."

Stanslaus alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumatano. Marcel naye alishusha yake. Kisha Marcel akajikaza, akasema kutoka dirishani:

"Mkuu, na yeye sajini mwenyewe? Maana kiti kikishakuwepo pale getini..."

Mkuu alimtazama kwa upole wa kweli, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua halizimwi.

"Marcel," alisema. "Mlinzi hakai."

Kikao kilifungwa kwa sala. Waliachana kwa kushikana mikono, kila mmoja akifurahi, na Stanslaus alifurahi kuliko wote, kwani Rebeka atamaliza chuo. Usiku ule aliimba mpaka Paskazia akamwambia anyamaze, watu wanalala.

Kiti kililetwa Alhamisi na pikipiki ya Marcel, kimefungwa kwa mpira nyuma. Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, cha mikono, kutoka duka la Mama Rushabh wa Geita mjini. Mgongoni kiliandikwa kwa kalamu nzito: KIVULI. Kulikuwa na barua pia. Ilisema kwamba kiti ni kwa matumizi ya kivuli pekee, na kwamba mlinzi atakitunza, atakifuta vumbi, na atakihamisha kufuatana na jua. Marcel alikuwa amebadilishana zamu na mtu ili ailete mwenyewe, na Stanslaus, ambaye ilikuwa siku yake ya mapumziko, alikwenda getini akiwa na nguo za nyumbani ili aipokee. Alisaini.

Ijumaa ilikuwa siku ya kwanza. Asubuhi kiti kilikaa magharibi mwa geti, na kivuli kilikaa juu yake, mikono kwenye mikono ya kiti. Nyamizi alikisalimu. Wanaapolo walirudi kwenye njia yao ya zamani, iliyonyooka.

Saa sita Paskazia alileta chakula, ugali na mlenda kwenye bakuli lenye mfuniko. Jua lilikuwa utosini. Kivuli kilikuwa kimeondoka, na kiti kilikuwa kitupu. Stanslaus alikuwa akipanda na kushuka kwenye vidole vyake, anahesabu kumi na nne, kumi na tano.

"Kiti kile pale," alisema Paskazia. "Hakina mtu."

"Ndiyo."

"Basi kaa, Baba Rebeka. Ule umekaa. Dakika tano tu."

Stanslaus alikitazama kile kiti. Alikitazama kwa muda mrefu, na kiuno chake nacho kikakitazama. Hakukuwa na mtu barabarani. Hata Marcel alikuwa mbali, Buseresere.

"Si changu," alisema. "Nimesaini."

"Mimi sijasaini," alisema Paskazia, akakaa.

Akajiegemeza vizuri, akavua kandambili, akamshikia bakuli huku yeye anakula amesimama. Walizungumza habari za Rebeka, za karanga, na za jembe lile lililozunguka mara mbili, ambalo kwa sasa, katika masimulizi ya Paskazia, lilizunguka mara nne. Walicheka sana. Kivuli kilipoanza kuchomoza upande wa mashariki, chembamba bado, kilisimama kando kimya na kumsubiri mama amalize, kwa kuwa kilikuwa kivuli chenye malezi.

"Haya, nampisha mwenye kiti," alisema Paskazia. Akachukua bakuli, akaaga, akaenda.

Stanslaus alitoa kitambaa mfukoni, akafuta vumbi kwenye kiti, kwanza kwenye egemeo, kisha kwenye mikono. Akakunja magoti, mgongo wima, kama Noela alivyofundisha, akakiinua bila maumivu yoyote. Akakipeleka mashariki mwa geti, akakitikisa kuona kama hakiyumbi, akakigeuza kidogo ili jua lisikisumbue kivuli machoni.

Kivuli kikakaa. Stanslaus akasimama pembeni yake mpaka saa kumi na mbili.